Biti ya ruta yenye beringi: ya mkia au ya ncha, na urefu gani?

Swali, kutoka kwa fundi wa viti na meza, Arua: Nina trima, yaani ruta ndogo ya mkono, yenye koleti (kishikio cha biti) ya robo inchi, pamoja na boksi la biti 12, vile vichwa vya kukatia. Natengeneza viti vya mvule na mahogani. Mguu wa nyuma wa kiti changu una upinde, na unene wake ni milimita 32. Nimechonga pateni, yaani kiolezo, ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ili miguu yote ifanane. Biti ya boksi yenye beringi chini, kile kigurudumu kinachotembea juu ya pateni, inaunguza mbao, inachana karibu na mwisho wa mguu, na mara mbili imekula pateni. Muuzaji mmoja wa Kampala ananishauri beringi ya juu, mwingine anasema nichukue yenye beringi mbili. Ninunue ipi? Na hizo nyingine za boksi ni za kazi gani?

Jibu: Fundi, kwa mguu wa milimita 32 na trima ya robo inchi, nunua biti mbili. Ya kwanza iwe na beringi upande wa mkia, kipenyo milimita 12.7, na makali mafupi ya milimita 12 hivi. Ya pili iwe na beringi kwenye ncha, kipenyo hicho hicho, makali ya milimita 25. Ile ya beringi mbili, moja kila upande wa makali, ni biti nzuri sana, ila faida yake inaonekana kwenye ruta kubwa ya koleti ya nusu inchi, na nitaigusa mbele. Lakini pia itabidi tutafute kwa nini uliyo nayo inakula pateni. Kama chanzo kiko kwenye namna ya kuifunga na kuisukuma, hata biti mpya itaila.

Tuanze na majina. Madukani wanasema "beringi juu" na "beringi chini", na watu wanapotezana hapo, kwa sababu ukiigeuza ruta na kuifunga chini ya meza, juu huwa chini. Mimi nitasema beringi ya mkia, yaani ile iliyo kati ya makali na sehemu inayoingia kwenye koleti, na beringi ya ncha, ile ya mwisho kabisa inayoshikwa na skrubu ndogo. Majina hayo hayabadiliki, ushike ruta mkononi au uifunge mezani.

Beringi ya mkia inafuata pateni iliyo upande wa mashine. Ukishika trima mkononi, pateni inakaa juu ya mbao na sahani ya trima inateleza juu ya pateni. Beringi ya ncha inafuata kitu kilicho upande wa mbali: pateni iko chini, mbao juu, na makali yanakula mbao iliyo juu ya beringi. Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua ni hili: kitu ninachotaka kukinakili kiko upande gani? Ukibandika fomaika juu ya meza na unataka kuipunguza ilingane na ubavu, kitu cha kufuata ni ubavu wenyewe, nao uko chini ya fomaika. Hapo ni beringi ya ncha, hakuna mjadala. Ukibandika kipande cha mbao ngumu kwenye ubavu wa plaiwudi ili kuficha tabaka zake, ni beringi ya ncha tena, inatembea juu ya uso wa plaiwudi. Lakini kwa mguu wa kiti unaochongwa kwa pateni, beringi ya mkia inakupa jambo kubwa: pateni iko juu, unaiona muda wote, na kama beringi imeacha kuigusa unajua papo hapo, kabla mbao haijaharibika.

Sasa urefu wa makali, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Mtu akiona mguu wa milimita 32 anatafuta biti ndefu ya kumaliza kazi kwa pigo moja. Kwenye trima hilo ni kosa la aina mbili. Mkia wa robo inchi ni mwembamba, milimita 6.35 tu, na makali marefu yanaupinda yanapobanwa. Mbao inatoka na mawimbi, na mkia unaweza kukatika ukizunguka. La pili halionekani kwa haraka: biti ndefu ya beringi ya mkia haikuruhusu kukata kidogo kidogo. Piga hesabu nami. Pateni yako ina milimita 18 na biti ina makali ya 25. Ili beringi, yenye kimo cha kama milimita 5, iguse pateni kikamilifu, lazima uso wake wa chini uwe angalau 5 chini ya uso wa pateni. Kutoka hapo makali yanashuka 25 zaidi, kwa hiyo ncha iko 30 chini ya uso wa pateni. Toa 18 za pateni: tayari umeingia milimita 12 ndani ya mbao kwa pigo la kwanza, na huwezi kupunguza. Mvule ukiukata milimita 12 kwa pigo moja kwa trima ndogo, mashine inalia, mkono unarushwa, na mbao inaungua.

Chukua makali ya 12 na pateni ile ile ya 18. Shusha ncha mpaka iingie milimita 5 ndani ya mbao. Uso wa chini wa beringi uko milimita 11 chini ya uso wa pateni, yaani beringi yote imekaa kwenye pateni. Zunguka. Shusha 5 zaidi, uso wa chini wa beringi uko kwenye 16, bado uko ndani ya 18. Zunguka tena. Sasa una ukuta wa milimita 10 uliokatwa sawasawa na pateni. Ondoa pateni, kwa sababu ukuta huo ndio pateni yako mpya. Shusha tena, kwanza mpaka ncha iwe milimita 15 chini ya uso wa mbao, kisha 19. Mara zote mbili beringi inatembea juu ya ukuta uliokwisha kuukata. Ukifika hapo, geuza mguu, badilisha biti uweke ile ya beringi ya ncha yenye makali ya 25, na upande uliobaki, milimita 13 hivi, utaukata kwa mapigo mepesi kuingia ndani, mpaka beringi iguse na kutembea juu ya sehemu iliyosawazishwa. Mguu wa 32 umekwisha bila biti yoyote kufanya kazi isiyo yake.

Kabla ya yote hayo, kata mguu kwa jigso au msumeno wa mkanda, ubakize milimita 1.5 hadi 2 nje ya mstari. Ukibakiza 5, biti inageuzwa kuwa msumeno. Ukibakiza nusu milimita, kuna sehemu msumeno utakuwa umeingia ndani ya mstari, na hakuna biti inayorudisha mbao.

Kipenyo hakina mengi. Biti ya 12.7 inaingia kwenye kona ya ndani yenye nusu kipenyo cha 6.35 na kuendelea. Upinde mkali zaidi ya huo itaupita bila kuufikia, na utamalizia kwa patasi. Biti ya 19 inakata laini zaidi kwa sababu makali yanaingia kwenye mbao kwa pembe ya upole, lakini inadai nguvu zaidi, na kwenye trima sioni haja yake kwa kazi yako.

Mkia ni jambo la kuwa mkali nalo. Robo inchi ni milimita 6.35. Madukani kuna biti za mkia wa milimita 6, na kuna za 8, na zote zinaonekana "kama robo". Biti ya 6 ikiingizwa kwenye koleti ya robo inchi itaonekana imekaza, kisha itateleza kushuka kazini, kina kitaongezeka bila wewe kugusa kitu, na beringi itatoka nje ya pateni. Huenda ndicho kilichotokea kwako mara mojawapo. Kwenye ruta kubwa mtego ni ule ule: nusu inchi ni 12.7, na kuna biti za 12. Nenda dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Ukifunga, ingiza mkia mpaka chini kisha uvute juu milimita 2 au 3, na angalau milimita 20 zibaki ndani ya koleti. Ukiuacha mkia ukigonga mwisho wa tundu, koleti inashindwa kuushika vizuri inapokazwa. Wala usifunge mpaka kwenye ule mwinuko ambapo mkia unakutana na kichwa cha biti, kwani hapo umbo si nyoofu na koleti inakamata mdomoni tu.

Ukiwa na kalipa mkononi, pima pia beringi dhidi ya makali. Hiki ndicho kipimo ambacho wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa. Kipenyo cha beringi na cha makali lazima vilingane. Beringi ikiwa kubwa kwa milimita 0.2, mbao itabaki nje ya pateni kwa 0.1, jambo ambalo msasa unaliondoa; ikiwa kubwa kwa 1, utabaki na ngazi ya nusu milimita, na kwenye mfano wangu wa kugeuza mguu ngazi hiyo itaonekana katikati ya ubavu. Beringi ikiwa ndogo kuliko makali ni mbaya zaidi: mbao inapungua kuliko pateni, na kila unaposhuka na kufuata ukuta uliokata, inapungua tena. Kama huna kalipa, chukua kipande cha MDF, kisawazishe kwa biti hiyo kwa kufuata kipande kingine, kisha pitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha unahisi tofauti ambayo jicho halioni.

Kwa sababu hiyo hiyo usipeleke biti hizi kwa mtu wa kunoa atakayesaga upande wa nje wa makali. Kipenyo kitapungua na beringi itabaki vilevile. Kabaidi, yaani kile kipande kigumu chenye makali, kwenye biti ya beringi hunolewa kwa uso wa bapa tu, ule unaotazama mbele biti inapozunguka, kwa jiwe la almasi na maji, mapigo yale yale kwa kila kali ili yabaki sawa. Ondoa beringi kwanza.

Mengine ya kukagua dukani: zungusha beringi kwa kidole, inatakiwa izunguke laini, bila kukwaruza na bila kucheza kushoto na kulia. Tazama pale kabaidi ilipounganishwa na chuma. Kukiwa na vitundu au nafasi, iache. Tazama makali kwenye mwanga. Yakiwa mazima hayaangazi, na nukta inayong'aa ni sehemu butu au iliyomeguka. Soma mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye mkia. Kama muuzaji hataki ufungue pakiti, nenda duka la pili.

Sasa pateni iliyoliwa. Sababu ziko chache na zote zinaonekana ukizitafuta.

Kwanza, kagua skrubu ya beringi ya ncha, au ile pete ya kuzuia inayokaa juu ya beringi ya mkia. Ikilegea, beringi inapanda au inaanguka, na makali yanabaki uso kwa uso na pateni. Kaza kwa alenkii kabla ya kila kazi, na tone dogo la gundi ya nati, ile isiyo kali, kwenye skrubu tu. Likifika kwenye beringi imekwisha. Pili, kina. Kwa biti ya beringi ya ncha, ukishusha mno, beringi inapita chini ya pateni na makali yanaingia kwenye pateni yenyewe. Kwa pateni ya milimita 6 hilo linatokea kwa kosa dogo tu, na ndiyo maana napenda pateni ya 12, na kwa beringi ya mkia 18. Tatu, beringi iliyoganda. Beringi nzima inabingirika taratibu juu ya pateni, kwa mwendo wa mkono wako, hata kama mkia wake unazunguka mara 30,000 kwa dakika. Ikijaa vumbi na utomvu inaanza kuzunguka pamoja na biti, inasugua, na utaona mstari mweusi ubavuni mwa pateni kabla haijaanza kuchimba. Ukiona mstari huo, simama. Nne, ubavu wa MDF ni laini. Beringi ndogo ukiikandamiza inauacha na mfereji, na mguu wa sita hautafanana na wa kwanza. Paka ubavu supaglu nyepesi au vanishi, uache ukauke, piga msasa laini, paka tena. Plaiwudi inastahimili kuliko MDF, lakini iangalie ndani: tabaka zenye mapengo zinaifanya beringi itumbukie, na kila mbao itakayokatwa itakuwa na kishimo mahali pale pale.

Ongeza pia mikia kwenye pateni. Iwe ndefu kuliko mguu kwa milimita 30 au 40 kila upande, ili beringi iguse pateni kabla makali hayajagusa mbao na ibaki inaigusa baada ya makali kutoka. Bila hiyo, mwanzo na mwisho wa kila pigo mkono unayumba, biti inazama ndani ya kona ya mbao, na kona inamegeka. Kuifunga pateni, weka skrubu sehemu zitakazofichwa na kiungo. Kama hakuna, futa vumbi kabisa, bandika selotepu ya karatasi kwenye pateni na kwenye mbao, kisha gundisha selotepu kwa selotepu kwa supaglu. Inashika kwa nguvu na inabanduka bila kuacha alama.

Kuchanika kwa mbao kunahusu zaidi upande unaosukumia kuliko biti. Biti inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Ukisimama mbele ya ubavu wa mbao, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye ukingo wa nje unazunguka kinyume na saa, kwenye tundu la ndani unazunguka pamoja na saa. Kwa meza ya ruta, mbao inasukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukienda upande mwingine, biti inapanda mbao kama tairi na kukimbia na trima yako, na mwenye trima nyepesi anaumia vidole.

Tatizo ni kwamba kwenye mguu wenye upinde, mwelekeo huo mmoja hauwezi kuwa salama kila mahali. Nyuzi za mbao zimelala kwa urefu wa mguu. Kwenye sehemu iliyobinuka nje, kata kutoka kileleni kuelekea miisho. Kwenye sehemu iliyobonyea, kata kutoka miishoni kuelekea chini ya bonde. Ukiwa hivyo, kila uzi una mwenzake nyuma yake wa kuushikilia. Ukienda kinyume, makali yanainua uzi na kuupasua mbele yao, na mvule na mahogani ni wabaya hapa kwa sababu nyuzi zao zimepishana: tabaka moja limelalia huku, la pili kule. Kwa hiyo nusu ya kila upinde utaikata kwa starehe, na nusu itakupinga.

Dawa ni kugeuza mbao, na hapa ndipo biti zako mbili zinakuwa jozi. Kwa ile ya mkia, pateni ikiwa juu, kata zile nusu tu zinazoshuka. Zile zinazopanda ziache na milimita zake mbili. Rudisha pateni kama ulikuwa umeiondoa, geuza kila kitu, pateni ikiwa chini, weka biti ya ncha, na sasa zile zilizokuwa zinapanda zinashuka. Kwa mguu wa 32 makali ya 25 hayafiki juu: kata kwanza sehemu iliyo karibu na pateni, kisha pandisha biti, beringi itembee juu ya ukuta uliokwisha kuukata. Biti yenye beringi mbili inafanya hivyo bila kubadilisha biti: unapandisha au unashusha ruta tu, ukigeuza mbao. Kwa mtu mwenye ruta ya nusu inchi iliyofungwa mezani, anayetoa viti vingi kwa wiki, hiyo ndiyo ningemwambia anunue kwanza. Kwako, makali yake marefu kwenye mkia mwembamba yangerudisha lile tatizo la urefu.

Sehemu ya mwisho wa mguu, ambapo biti inatoka kwenye kichwa cha mbao, weka kipande cha mbao taka kilichobanwa kwa klampu nyuma yake. Kitachanika hicho.

Mvule una jambo lake jingine: mara nyingi ndani yake mna mawe, chokaa iliyoganda kwenye mti ungali hai. Kabaidi ikiligonga jiwe hilo inameguka, na kuanzia hapo kila mguu utatoka na uzi mwembamba uliosimama, mahali pale pale. Ukiona doa lililo jeusi kuliko mbao iliyolizunguka, lichimbe kwa patasi ya zamani kabla ya kuleta ruta. Na vaa barakoa na miwani. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Mtiki unatia makali butu kwa sababu ya silika, paini inaziba beringi kwa utomvu, na musizi ni laini mpaka unatoka na manyoya kama makali si mapya.

Kuungua kuna mizizi mitatu: makali butu, kusukuma polepole au kusimama njiani, na kasi iliyozidi. Trima nyingi za bei ya chini zina kasi moja, karibu mizunguko 30,000 kwa dakika. Kwa biti ya 12.7 hiyo inafaa, ukisukuma bila kusita. Anza kusogea kabla makali hayajagusa, na ukitaka kupumzika, vuta trima nje kwanza. Umeme ukishuka, au jenereta ikizidiwa na mashine nyingine, injini inapoteza nguvu na mbao inaungua hata biti ikiwa mpya, bora usubiri. Alama ya moto kwenye mahogani inaingia ndani, haitoki kwa msasa mwepesi. Njia rahisi ni kuacha pigo la mwisho liwe la nusu milimita tu. Zungusha selotepu mbili tatu kwenye ubavu wa pateni wakati wa mapigo ya mwanzo, uziondoe kwa pigo la mwisho, na biti itaondoa unyoya tu.

Turudi kwenye boksi. Katika biti 12 za namna hiyo, zilizo na beringi kwa kawaida ni ile ya kusawazisha uliyonayo, moja au mbili za kuviringisha kona, ya kukata kona kwa digrii 45, ya mbonyeo, ya mapambo ya mawimbi, na ya rebeti, yaani ngazi inayochongwa ukingoni mwa mbao. Zote zina beringi ya ncha, na zote zinahitaji sehemu ya ubavu isiyokatwa ili beringi ipate pa kutembea. Mfano wa kukuokoa ubao: una meza ya MDF ya 18 na unataka kuviringisha kona ya juu na ya chini. Biti ya 9.5 itafanya upande wa kwanza vizuri, na kubakiza 8.5 za ubavu ulionyooka. Upande wa pili unahitaji 9.5 za kukata tena, hazipo, na beringi itatumbukia kwenye mviringo wa kwanza. Kwa unene huo tumia ya 6.35. Ile ya kuviringisha ukiibadilishia beringi ya 12.7 ukaweka ya 9.5, makali yanaingia ndani 1.6 zaidi na kuacha ngazi ndogo nzuri pembeni mwa mviringo; ni pambo la bure.

Ya rebeti iweke kando kwanza. Kichwa chake mara nyingi ni milimita 35, na kwa mizunguko 30,000 ukingo wake unakwenda mita 55 kwa sekunde. Biti ya kipenyo hicho inataka 18,000 hivi, kwa hiyo ni ya ruta yenye kidhibiti kasi. Ukiipata ruta hiyo, biti moja inakupa rebeti nyingi kwa kubadilisha beringi tu: kina ni kipenyo cha makali toa cha beringi, gawanya kwa mbili. Kwa kichwa cha 34.9, beringi ya 9.5 inatoa 12.7, ya 12.7 inatoa 11.1, ya 15.9 inatoa 9.5, ya 22.2 inatoa 6.35.

Usafi: ondoa beringi, loweka biti peke yake kwenye mafuta ya taa kama robo saa, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha. Beringi usiiloweke kamwe, mafuta ya taa yanayeyusha grisi ndani na vumbi linachukua nafasi yake. Ifute kwa kitambaa, na ikianza kukwaruza, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo kuliko kipande kimoja cha mvule.

Beringi za akiba unazipata kwenye maduka ya beringi, si lazima ya vifaa vya useremala, ila uende na namba, maana vipimo vyake ni vya inchi. Ya ncha yenye nje 12.7 na tundu la 3/16 inaitwa R3. Ya nje 9.5 yenye tundu hilo hilo ni R166. Za mkia wa robo inchi: R188 kwa nje 12.7, R4 kwa nje 15.9, R4A kwa nje 19. Herufi ZZ mwishoni maana yake ina kinga ya bati pande zote mbili, 2RS ni kinga ya mpira; kwa vumbi la mbao chukua 2RS ikiwepo. Muuzaji akikosa R3 atakupa 625, ya tundu la milimita 5. Ikatae: kidole cha biti ni 4.76, beringi itacheza karibu robo milimita, na nje yake ni 16, si 12.7.